Kifurushi au Chaneli Moja Moja? Tupige Hesabu Kabla ya Kulipa



Wengi wetu tukishauza mazao tunapanda basi kwenda Dar es Salaam. Tunafika Kariakoo. Tunanunua mabati, vitenge, sare za watoto, taa za sola, na siku hizi hata televisheni.

Televisheni si kitu kibaya. Inatuletea habari, mafunzo, mpira na michezo ya kuigiza. Lakini ina jambo moja ambalo redio yetu haina. Redio ukishainunua, unalipia betri tu. Televisheni ukiinunua pamoja na king'amuzi cha kulipia, bado unadaiwa kila mwezi. Usipolipa, chaneli zinafungwa.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:

1. Kifurushi cha chaneli ni nini.
2. Kwa nini kampuni zinauza vifurushi, haziuzi chaneli moja moja.
3. Namna ya kupiga hesabu ili tusilipie tusichokitazama.

Tayarisheni daftari na kalamu. Kama mko kwenye kikundi cha kisomo, mmoja asome kwa sauti na wengine waandike hesabu.

MAMA MMOJA DUKANI

Siku moja tulikuwa Kariakoo katika duka la vyombo vya umeme. Aliingia mama mmoja aliyetoka upande wa Rufiji. Alikuwa ameuza ufuta. Kijana muuzaji akamwamkia.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba mwanangu. Nataka king'amuzi. Televisheni ninayo."

"Kipo mama. Hiki hapa na dishi lake. Ukilipia kifurushi kikubwa unapata chaneli zaidi ya mia."

"Mia! Nitazitazama lini zote hizo? Mimi nataka taarifa ya habari. Mzee nyumbani anataka Simba na Yanga. Wajukuu wanataka katuni. Siwezi kulipia hizo tatu tu?"

"Haiwezekani mama. Haziuzwi moja moja. Ni kifurushi."

"Kumbe ni kama fungu la nyanya! Mimi nataka tatu, nyie mnanipa fungu zima."

Kijana akacheka. "Ndiyo hivyo mama."

Mama yule hakununua siku ile. Alituambia kwamba fedha aliyokuja nayo ni ya ufuta, na ndani yake imo ya sare za wajukuu. King'amuzi angeweza kukinunua. Kilichomtia wasiwasi ni ile ya kila mwezi. "Mwezi wa kwanza nitalipa," alisema. "Na wa nne je, ufuta ukiwa umekwisha?"

Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Tutalifanyia kazi.

FUNGU LA NYANYA

Twende kwanza kwenye nyanya, maana nyanya tunazijua. Bei zote tutakazotumia katika hesabu za somo hili ni za mfano tu. Bei za kweli hubadilika. Mkienda dukani, ulizeni bei ya siku hiyo.

Tuseme fungu la nyanya 5 ni Sh. 1,000/=. Tukigawa, 1,000 ÷ 5 = 200. Kila nyanya katika fungu ni Sh. 200/=.

Sasa mteja anasema, "Mimi nataka nyanya tatu tu." Anafikiri atalipa 3 × 200 = Sh. 600/=. Lakini muuzaji anasema, "Nikivunja fungu, moja ni mia tatu." Sasa hesabu ni hii:

Nyanya 1: Sh. 300/=
Nyanya 2: Sh. 600/=
Nyanya 3: Sh. 900/=
Nyanya 4: Sh. 1,200/=

Tazameni vizuri. Anayetaka nyanya 1 au 2, moja moja inamfaa. Anayetaka 3 analipa karibu sawa na fungu zima. Anayetaka 4, fungu ni nafuu kuliko moja moja.

Hapa tumepata fundisho la kwanza: bei ya kimoja haipatikani kwa kugawa bei ya fungu. Muuzaji akivunja fungu, bei ya kimoja hupanda. Ndivyo ilivyo kwa nyanya, na ndivyo ilivyo kwa chaneli.

Kifurushi cha televisheni, basi, ni fungu la chaneli. Kampuni inazipanga yenyewe na kuzitia bei moja. Kampuni moja huwa na vifurushi kadhaa. Kidogo kina chaneli chache na bei ndogo. Kikubwa kina chaneli nyingi na bei kubwa. Baadhi ya kampuni zina nyongeza chache ambazo mtu anaweza kuzilipia juu ya kifurushi chake. Lakini kwa kawaida mtazamaji hachagui chaneli moja moja.

TULIFIKAJE HAPA?

Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilichelewa. Mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilianza kurusha matangazo Dar es Salaam, ITV ikiwa mojawapo. Wakati huo mtu alinunua televisheni na antena, akaiweka juu ya nyumba, akatazama. Hakuna aliyemdai malipo ya mwezi. Vituo vilipata fedha zake kwa matangazo ya biashara.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam. Tukaingia katika matangazo ya dijitali. Miji mingine ilifuata mwaka 2013. Televisheni za zamani hazikuweza kupokea matangazo hayo zenyewe. Kila mwenye televisheni ya namna hiyo alihitaji king'amuzi. Maduka ya Kariakoo yakajaa ving'amuzi.

Ving'amuzi ni vya aina mbili. Viko vya antena, ambavyo hupokea matangazo kutoka minara iliyojengwa ardhini. StarTimes, Ting na Continental vilianza hivyo. Viko pia vya dishi, ambavyo hupokea matangazo kutoka chombo kilicho angani, kiitwacho setilaiti. DStv, Zuku na Azam vilianza vikiwa vya dishi. Azam ilianza mwishoni mwa mwaka 2013.

Tofauti hii ni muhimu kwetu wa vijijini. King'amuzi cha antena kinafanya kazi pale tu mawimbi ya mnara yanapofika. Kikionyesha vizuri dukani Kariakoo, hiyo si hoja kwamba kitaonyesha kijijini kwako. Dishi hufika mbali zaidi.

CHANELI ZA BURE NDANI YA FUNGU LA KULIPIA

Hapa kwetu liliwahi kutokea jambo la kutufundisha. Kuna chaneli za nyumbani ambazo kwa leseni zake ni za bure. Mwananchi hatakiwi kuzilipia. Kwa miaka kadhaa chaneli hizo zilikuwa zinaonekana pia katika ving'amuzi vya kulipia, pamoja na chaneli nyingine. Malipo yakiisha, baadhi ya watu walijikuta hata zile za bure hawazioni. Wakalalamika: "Tunalipishwaje kitu cha bure?"

Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliziamuru DStv, Azam na Zuku ziondoe chaneli hizo. TCRA ilisema leseni za kampuni hizo ni za kulipia na haziziruhusu kubeba chaneli za bure. Basi zikaondolewa. Mtu aliyetaka mpira wa Azam na pia taarifa ya habari ya ITV ilimbidi awe na ving'amuzi viwili, au abaki na kimoja na kukosa kingine.

Miaka iliyofuata chaneli za nyumbani zilirudi katika ving'amuzi vya kulipia. Lakini tukumbuke fundisho lake. Kabla ya kulipia fungu, tuulize: ndani yake kuna nini ambacho tungeweza kukipata bure?

KWA NINI HAWAUZI MOJA MOJA?

Wengine husema ni ujanja tu wa matajiri. Upo ujanja, hatukatai. Lakini ipo na hesabu, na tukiifahamu hatutadanganyika kwa urahisi.

Kwanza tufahamu kwamba chaneli si kama nyanya kwa kila jambo. Nyanya uliyokula wewe, mimi siwezi kuila. Lakini mechi uliyoitazama wewe, na mimi naitazama pia, wala haipungui. Gharama kubwa ni ya kuipata mechi yenyewe. Mfano ni Ligi Kuu yetu. Mwezi Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi hiyo. Thamani yake ni Sh. bilioni 225.6. Ukigawa kwa miaka 10 ni wastani wa Sh. bilioni 22.56 kila mwaka. Fedha hiyo haipungui watazamaji wakiwa wachache. Kwa hiyo kampuni inatafuta njia ya kupata watu wengi wa kuchangia.

Sasa tutazame majirani wawili. Kampuni ina chaneli mbili: ya mpira na ya tamthilia.

Jirani wa kwanza anapenda mpira. Yuko tayari kulipa Sh. 8,000/= kwa mpira, na Sh. 3,000/= kwa tamthilia. Jumla Sh. 11,000/=.

Jirani wa pili anapenda tamthilia. Yuko tayari kulipa Sh. 3,000/= kwa mpira, na Sh. 8,000/= kwa tamthilia. Jumla yake pia ni Sh. 11,000/=.

Kampuni ikiuza moja moja kwa Sh. 8,000/=, kila jirani ananunua chaneli moja tu. Kampuni inapata 8,000 + 8,000 = Sh. 16,000/=. Kila jirani ana chaneli moja.

Ikiuza moja moja kwa Sh. 3,000/=, kila jirani ananunua zote mbili. Kampuni inapata 6,000 + 6,000 = Sh. 12,000/=. Imepungukiwa.

Ikiuza kifurushi cha zote mbili kwa Sh. 10,000/=, kila jirani anakubali, maana kwake zina thamani ya Sh. 11,000/=. Kampuni inapata 10,000 + 10,000 = Sh. 20,000/=. Na kila jirani ana chaneli mbili.

Mnaona? Kampuni imepata zaidi, na majirani wamepata zaidi kuliko kununua moja moja kwa Sh. 8,000/=. Kwa hawa wawili kifurushi si wizi.

Lakini yuko jirani wa tatu. Huyu anataka mpira tu. Yuko tayari kulipa Sh. 8,000/= kwa mpira. Tamthilia hata akipewa bure hatazami. Kifurushi cha Sh. 10,000/= kwake kimezidi kwa Sh. 2,000/=. Ama akose mpira, ama alipe zaidi ya anavyotaka. Huyu ndiye anayeumia.

Fundisho la pili, basi, ni hili: kifurushi kinamfaa mwenye nyumba ya watu wengi wanaopenda vitu tofauti. Kinamwumiza anayetaka kitu kimoja.

WENZETU WALIOJARIBU MOJA MOJA

Ziko nchi zilizojaribu kuwapa watu chaneli moja moja. Tutazame mbili.

Huko Kanada, serikali haiachii kampuni zipange kila kitu. Chombo kinachosimamia utangazaji kiliamuru kwamba kuanzia Machi 2016 kila kampuni iwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 za nchi hiyo kwa mwezi. Kufika Desemba 2016 watazamaji walitakiwa waweze kuongeza juu yake chaneli moja moja, na pia vifurushi vidogo.

Huko India, utaratibu mpya ulianza tarehe 1 Februari 2019. Kila chaneli ya kulipia ilitakiwa itangazwe bei yake. Mtazamaji alilipa kwanza ada ya msingi isiyozidi rupia 130, bila kodi, kwa chaneli 100. Kisha akaongeza chaneli za kulipia alizozitaka mwenyewe.

Watu walifurahi wakidhani malipo yatashuka kwa wote. Haikuwa hivyo. Aliyetazama chaneli chache alipata nafuu. Aliyezoea chaneli nyingi za kulipia alijikuta analipa zaidi ya zamani. Tena wenye chaneli waliweka bei ya moja moja juu, na bei ya kifurushi chini, hata watu wengi wakaona heri warudi kwenye kifurushi. Ni kama yule muuzaji wa nyanya aliyesema moja mia tatu. Mwezi Januari 2020 mamlaka ya India ilibidi irekebishe kanuni zake.

Kwa hiyo tusidhani kwamba siku moja moja ikija hapa kwetu shida zote zitakwisha. Kuchagua ni haki nzuri. Lakini hata mwenye haki ya kuchagua anatakiwa kujua hesabu.

HESABU YA NYUMBANI

Turudi kwa mama wa Rufiji. Yeye haishi India. Yuko hapa, na mbele yake kuna vifurushi viwili. Tuseme ni hivi:

Kifurushi kidogo: chaneli 40, Sh. 10,000/= kwa mwezi.
Kifurushi kikubwa: chaneli 80, Sh. 20,000/= kwa mwezi.

Kijana wa dukani atasema, "Mama, vyote ni sawa. Kila chaneli ni Sh. 250/= tu." Na kweli, 10,000 ÷ 40 = 250. Tena 20,000 ÷ 80 = 250. Lakini hiyo ni hesabu ya muuzaji. Hesabu ya mnunuzi ni nyingine.

Hatua ya kwanza. Andika chaneli ambazo watu wa nyumbani kwako wanazitazama kweli. Usiandike zile ambazo wangependa siku moja kuzitazama. Tuseme nyumbani kwa mama ni nne: habari, katuni, tamthilia na mpira.

Hatua ya pili. Tazama ni ngapi kati ya hizo zimo katika kifurushi kidogo. Tuseme zimo tatu. Mpira umo katika kikubwa tu.

Hatua ya tatu. Gawa bei kwa chaneli unazozitazama.
Kidogo: 10,000 ÷ 3 = karibu Sh. 3,333/= kwa kila chaneli.
Kikubwa: 20,000 ÷ 4 = Sh. 5,000/= kwa kila chaneli.

Hatua ya nne, na hii ndiyo kubwa. Toa bei ndogo katika bei kubwa: 20,000 − 10,000 = Sh. 10,000/=. Kwa kulipa hiyo Sh. 10,000/= ya juu, mama anapata kitu kimoja tu anachokitazama: mpira. Hizo nyingine 39 zilizoongezeka hazitazamwi. Kwa hiyo bei ya chaneli ya mpira nyumbani kwake si Sh. 250/=, wala si Sh. 5,000/=. Ni Sh. 10,000/= kila mwezi.

Kumbe chaneli moja moja ina bei yake, hata kama dukani hawakuitajia! Unaipata kwa kutoa.

Hatua ya tano. Zidisha kwa miezi 12. Kifurushi kikubwa ni 20,000 × 12 = Sh. 240,000/= kwa mwaka. Kidogo ni 10,000 × 12 = Sh. 120,000/=. Kisha geuza fedha hiyo iwe mazao. Tuseme gunia la mahindi ni Sh. 60,000/=. Kikubwa ni magunia 4. Kidogo ni magunia 2. Sasa wenye nyumba wakae pamoja, baba, mama na vijana, waulizane: je, mpira wa televisheni una thamani ya magunia mawili ya mahindi kwa mwaka? Wakikubaliana ndiyo, walipe bila majuto. Wakikubaliana hapana, waache bila aibu.

NJIA NYINGINE ZA KUPATA KIMOJA

Mjini Dar es Salaam vijana wanacho kitu wanakiita kibanda umiza. Ni banda lenye televisheni, mabenchi, na joto jingi. Mtu analipa mlangoni anatazama mechi moja, anaondoka. Hapo hakuna kifurushi wala hakuna mwezi. Unanunua mechi moja. Siku hizi mabanda hayo yako hadi vijijini.

Tuseme kiingilio ni Sh. 500/=. Mzee wa nyumba akitazama mechi 6 kwa mwezi, ni 6 × 500 = Sh. 3,000/=. Nyumba inaokoa 10,000 − 3,000 = Sh. 7,000/= kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 84,000/=.

Lakini tuwe wakweli. Bandani anakwenda mtu mmoja. Wakienda watatu, mechi 6 ni Sh. 9,000/=, na faida karibu yote imekwisha. Tena mama na watoto wadogo wengi hawaendi bandani usiku. Mwenye kupenda mpira asijihesabie yeye tu akasahau nyumba.

Njia ya pili ni kulipia kwa majira. Ligi ina miezi yake ya mapumziko. Katika miezi hiyo, kwa nini ulipie kifurushi cha mpira? Shuka kwenye kidogo. Ligi ikianza, na mazao yakiwa yameuzwa, panda tena.

Njia ya tatu ni malipo ya muda mfupi. Baadhi ya kampuni zimeweka malipo ya wiki, hata ya siku. Yanamfaa mwenye kutazama siku chache. Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme wiki moja ni Sh. 4,000/=. Wiki nne ni Sh. 16,000/=. Kama mwezi mzima ni Sh. 10,000/=, anayelipa kila wiki ameumia kwa Sh. 6,000/=. Hapa tena, moja moja ni ghali kwa anayetaka nyingi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba siku huhesabiwa tangu ulipolipa. Sola ikikosa jua, au umeme ukikatika siku tatu, siku hizo hazikungoji. Usilipe leo kama televisheni yako iko kwa fundi.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Ukifika Kariakoo, usione aibu kuuliza. Fedha ni yako. Uliza hivi:

1. King'amuzi hiki ni cha antena au cha dishi? Kama ni cha antena, mawimbi yanafika kijijini kwetu? Kabla ya safari waulize majirani wanatumia kipi.
2. Malipo yakiisha, chaneli zipi zitaendelea kuonekana bila kulipa?
3. Chaneli ninazozitaka zimo katika kifurushi kipi? Mwonyeshe karatasi yako uliyoandika nyumbani. Asikujibu "zote zimo" bila kukuonyesha.
4. Bei unayonitajia ina miezi mingapi ya kutazama ndani yake? Mwezi wa pili nitalipa kiasi gani?
5. Naweza kushuka kwenye kifurushi kidogo nikitaka? Nafanyaje?
6. Ufundi wa kufunga dishi ni bei gani, nani anaufanya huko kwetu?

Jambo la mwisho la dukani: king'amuzi cha kampuni moja kwa kawaida hakifungui chaneli za kampuni nyingine. Ligi Kuu yetu iko Azam. Ligi ya Uingereza imekuwa ikionyeshwa na DStv kwa miaka mingi. Anayetaka zote mbili nyumbani ajue kwamba anajitwika madeni mawili ya mwezi.

Chukua risiti, uitunze. Ukiwa na malalamiko, anza na kampuni yenyewe. Isipokusikiliza, nenda TCRA. Liko pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA CCC, ambalo kazi yake ni kuwatetea watumiaji.

MAMA ALIFANYAJE?

Kabla hatujaachana, tulimkopesha mama yule kalamu. Nyuma ya karatasi ya dawa aliandika majina ya watu wa nyumbani kwake, na mbele ya kila jina chaneli anayoitaka. Alikuwa anaandika polepole, lakini aliandika mwenyewe. Kisha akapiga simu nyumbani akazungumza na mzee.

Alipokata simu alicheka. "Mzee anasema mpira atausikiliza redioni mpaka mavuno mengine. Habari na katuni zinatosha."

Siku hiyo alinunua sare kwanza. King'amuzi alisema atarudi kukinunua akishajua majirani zake wanatumia kipi, na kipi kinaacha chaneli za bure malipo yakiisha.

Hatusemi kila mmoja afanye kama yeye. Nyumba hazilingani. Tunasema kila mmoja ahesabu kama yeye. Tulijifunza kusoma na kuandika ili tusiwekewe alama ya dole gumba kwenye karatasi tusizozielewa. Kulipa kila mwezi kitu ambacho hukukihesabu ni dole gumba vilevile.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chaneli: njia moja ya matangazo ya televisheni.
Kifurushi: fungu la chaneli linalouzwa kwa bei moja.
King'amuzi: chombo kinachopokea matangazo ya dijitali na kuyapeleka kwenye televisheni.
Setilaiti: chombo kilichorushwa angani, kinachopeleka matangazo mbali.
Leseni: ruhusa ya serikali ya kufanya kazi fulani.

HESABU YA KUFANYA

Kifurushi kidogo ni Sh. 12,000/= kwa mwezi. Kikubwa ni Sh. 19,000/=. Nyumbani kwenu mnatazama chaneli 5. Katika kidogo zimo 4. Ya tano ni ya tamthilia, nayo imo katika kikubwa tu.

(a) Chaneli ya tamthilia inawagharimu kiasi gani kwa mwezi?
(b) Inawagharimu kiasi gani kwa mwaka?
(c) Kama debe la mahindi ni Sh. 12,000/=, hiyo ni sawa na madebe mangapi kwa mwaka?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu ni nani anayefaidika na kifurushi, na ni nani anayeumia?
2. Je, ni haki chaneli za bure kufungwa malipo yakiisha?
3. Nyumbani kwako nani anaamua televisheni ilipiwe au isilipiwe? Je, wengine wanaulizwa?
4. Ni vitu gani vingine tunauziwa kwa fungu ilhali tunahitaji kimoja? Fikirini vifurushi vya simu.

Majibu ya hesabu: (a) Sh. 7,000/=. (b) Sh. 84,000/=. (c) Madebe 7.